Kuhamisha Tovuti ya Chama Kwenda Seva Mpya yenye Paneli Nyingine: Mambo Yaipasayo Bodi Kuyafahamu



Vyama vingi tunavyovikagua siku hizi vina tovuti zao. Humo hutangazwa mikutano mikuu, bei za minada, zabuni za pembejeo na nafasi za kazi. Na kwa jina lilelile la tovuti huendeshwa anuani za barua pepe ambazo kwazo chama huandikiana na Mrajis, mabenki na wanunuzi. Lakini ukifungua daftari la mali la chama hicho hicho utakuta gari limo, mizani imo, hata viti vya ukumbi vimo kwa hesabu yake, ila tovuti haimo. Upungufu huo hauonekani mpaka siku chama kinapolazimika kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine. Siku hiyo huulizwa nani mwenye funguo, na aghalabu jibu huwa ni kijana mmoja ambaye alikwisha kuacha kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza uhamaji huo ni kazi gani, hatua zake zafuatana vipi, na mahali gani mali ya wanachama huweza kupotea. Hatutazamii Mwenyekiti au Mhasibu awe fundi. Twatazamia kwamba ataweza kumwuliza fundi maswali yaliyo sawa, kama vile ambavyo si lazima awe fundi mwashi ili akague ujenzi wa ghala.

Kwa nini vyama huhama

Seva ni kompyuta iwashwayo usiku na mchana ambamo tovuti na barua pepe huwekwa. Paneli ya usimamizi ni programu iliyo juu ya seva hiyo, imwezeshayo mtu kufungua sanduku la barua, kupakia mafaili au kubadili nywila kwa kubonyeza tu, bila kuandika amri ndefu. Paneli iliyoenea sana ni cPanel, iliyoanza mwaka 1996. Nyinginezo ni Plesk, DirectAdmin, Virtualmin na HestiaCP. Hizi mbili za mwisho zaweza kutumiwa bila malipo.

Hadi mwaka 2019 mwenye seva alilipia cPanel kwa kadiri ya seva, hata kama ndani yake mlikuwa na tovuti mia. Mwaka huo kampuni ikabadili utaratibu, malipo yakawa kwa idadi ya akaunti. Kwa Chama Kikuu kinachohifadhi tovuti za vyama wanachama katika seva moja, kila chama chenye akaunti yake kikawa ni nyongeza katika hesabu. Sababu ya pili ni uzee wa mfumo ulio chini ya paneli. CentOS 7, uliotumiwa na seva nyingi sana, ulikoma kupewa matengenezo ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Seva iliyobaki na mfumo huo ni ghala lenye kufuli ambalo ufunguo wake umekwisha kuigwa na watu wasiojulikana. Kwa hiyo vyama huhama, ama kwa kubana matumizi, ama kwa usalama, na mara nyingi kwa yote mawili. Katika makala haya tutachukua mfano wa kutoka cPanel kwenda DirectAdmin, kwa kuwa ni njia ipitwayo na wengi.

Vitu vitatu vinavyodhaniwa kuwa kimoja

Kosa la kwanza la Bodi nyingi ni kudhani kwamba tovuti ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja chaweza kuwa mikononi mwa mtu tofauti.

Cha kwanza ni jina, yaani kikoa, liwe linaishia kwa .or.tz, kwa .co.tz, au kwa .coop, mwisho ulioidhinishwa mwaka 2000 kwa ajili ya vyama vya ushirika duniani. Jina husajiliwa kwa msajili na kulipiwa kila mwaka. Cha pili ni kielekezi, mfumo uitwao DNS, ambao humwambia kila anayeuliza kwamba jina hili liko kwenye seva yenye namba fulani. Cha tatu ni seva yenyewe, iliyobeba mafaili, hifadhidata na barua.

Anayehama hubadili cha tatu, kisha hukirekebisha cha pili kielekee mahali papya. Jina haliguswi. Lakini ikiwa jina limesajiliwa kwa jina la fundi, au taarifa zake zinakwenda kwenye barua pepe binafsi ya Meneja aliyestaafu, chama hakina jina, kimeazimwa. Jambo hili lirekebishwe kabla ya kugusa lolote jingine. Fundi mwema hatakataa, na anayekataa amekwisha kuionyesha Bodi jambo la maana kuhusu yeye mwenyewe.

Jihadhari pia na hali ambapo kielekezi kimewekwa kwenye seva ileile ya zamani, kama ilivyo kawaida. Hapo ukifunga akaunti ya zamani mapema umefunga kielekezi nacho, na jina la chama litakuwa halielekezi popote ingawa tovuti mpya iko tayari na inang'aa.

Kuhesabu mali kabla ya kuihamisha

Hakuna mtunza ghala anayehamisha mzigo bila kuuhesabu. Fundi aandike orodha, na Bodi ipewe nakala yake. Iwemo idadi na ukubwa wa mafaili ya tovuti, hifadhidata zote kwa majina yake na idadi ya majedwali, kila sanduku la barua pepe na idadi ya barua zilizomo, barua zinazopelekwa mbele kutoka anuani moja kwenda nyingine, vikoa vidogo, toleo la lugha ya PHP linalotumika, na kazi zinazojiendesha kwa saa maalumu. Hizi za mwisho husahauliwa kuliko zote. Chama chenye programu ya kuwatumia wakulima ujumbe wa simu kila asubuhi saa mbili kina kazi ya namna hiyo. Ikiwa seva ya zamani ilifuata saa za Afrika Mashariki na mpya yafuata saa za Greenwich, ujumbe uleule utaondoka saa tano asubuhi, wakati mnada umekwisha.

Baada ya orodha hufuata nakala kamili. cPanel yaweza kukusanya akaunti nzima katika faili moja lililobanwa, na DirectAdmin yaweza kulipokea faili hilo na kulifungua kwa mpangilio wake. Plesk na Virtualmin nazo zina vyombo vya kupokelea mizigo ya cPanel. Faili hilo lipimwe kwa namba ya uhakiki kabla ya kuondoka na baada ya kufika, mfano wa lori lipimwalo mizani mara mbili. Namba zikitofautiana, mzigo umeharibika njiani. Na katu faili hilo lisiwekwe ndani ya folda ya tovuti iitwayo public_html ili lipakuliwe kwa urahisi. Folda hiyo iko wazi kwa dunia nzima. Mtu yeyote akibahatisha jina la faili atajipatia kwa mkupuo mmoja daftari la wanachama, barua za Meneja na nywila za hifadhidata.

Yanayovunjika njiani

Ingekuwa paneli zote zinapanga vitu sawasawa, kazi ingekwisha hapo. Hazipangi hivyo. Katika cPanel tovuti kuu ya akaunti hukaa moja kwa moja katika folda ya public_html ya mtumiaji. Katika DirectAdmin hukaa ndani ya folda ya domains, kisha ndani ya folda yenye jina la kikoa, ndipo ukaifikia public_html. Katika Plesk folda hiyo huitwa httpdocs. Chombo cha kupokelea hupanga upya mafaili, lakini hakiwezi kujua kwamba ndani ya programu fulani kuna mahali palipoandikwa njia ya zamani kwa urefu wake. Programu hiyo itatafuta faili pasipo na faili.

La hatari zaidi ni faili dogo liitwalo .htaccess. Kwa kuwa jina lake huanza na nukta, halionekani katika orodha za kawaida, na anayehamisha kwa mkono huliacha nyuma. Hapo ukurasa wa kwanza hufunguka na kurasa nyingine zote husema hazipo. Lakini hata likihamishwa laweza kuleta balaa. cPanel huandika ndani yake mstari wa kuitaja PHP kwa jina ambalo ni la cPanel peke yake. Seva mpya isipolijua jina hilo, badala ya kuiendesha programu huitoa ilivyo, nayo hushuka kwenye kompyuta ya msomaji kama faili la kupakuliwa. Fikiri, ndugu msomaji, jambo hilo likiwa kwa faili la wp-config.php, ambalo katika tovuti za WordPress hubeba jina la hifadhidata na nywila yake kwa maandishi ya wazi. Mstari huo lazima utafutwe na kuondolewa kabla seva mpya haijafunguliwa kwa watu.

Hifadhidata nazo zina ukaidi wake. Ikiwa seva ya zamani ilitumia MySQL 8 na mpya yatumia MariaDB, matoleo mengi ya MariaDB hayautambui utaratibu wa kupanga herufi ambao MySQL 8 huuchukulia kuwa wa kawaida, na uingizaji hukatika katikati. Fundi mwenye haraka huona majedwali kadhaa yameingia akadhani kazi imekwisha. Kuna pia mchafuko wa herufi. Chama cha wafugaji kilichoandika "ng’ombe" kwa alama ile iliyopinda hukuta kila mahali pameandikwa "ngâ€™ombe". Hilo si kuharibika kwa maneno. Ni seva kusoma herufi kwa hesabu isiyo yake, na hurekebishwa kwa kuingiza upya kwa mpangilio ulio sahihi. Asije mtu akaketi kusahihisha kurasa mia tatu kwa mkono.

Hatimaye kuna ruhusa za mafaili. Tovuti ikigoma kuandika picha au ripoti, fundi mvivu huweka ruhusa ya 777, ambayo maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa seva aweza kusoma na kubadili. Tovuti itafanya kazi, kama vile ghala lisilo na mlango linavyopitisha mizigo kwa wepesi. Ruhusa za kawaida ni 755 kwa folda na 644 kwa mafaili, na tatizo lenyewe huwa ni mmiliki wa faili, siyo ruhusa.

Kugeuza kielekezi

Kompyuta zinazouliza kielekezi hukumbuka jibu kwa muda maalumu. Katika cPanel muda huo kwa kawaida ni sekunde 14,400, yaani saa nne. Ukigeuza kielekezi saa mbili asubuhi, kuna watakaoendelea kwenda seva ya zamani hadi saa sita mchana. Kwa hiyo siku moja kabla, muda huo upunguzwe hadi sekunde 300, ambazo ni dakika tano. Ni lazima upunguzwe mapema, maana hata agizo la kupunguza halisikiki mpaka kumbukumbu ya zamani iishe.

Kabla ya kugeuza, tovuti mpya ijaribiwe. Fundi aweza kuandika katika faili liitwalo hosts la kompyuta yake kwamba jina la chama liko kwenye namba mpya, na kompyuta hiyo peke yake ikaiona tovuti mpya wakati dunia nzima yaona ya zamani. Hapo Meneja aitwe aketi mwenyewe, afungue kila ukurasa, ajaribu kuingia kwa nywila yake, apakie tangazo la majaribio. Akiridhika, tovuti ya zamani ifungwe isipokee maandishi mapya, nakala ya mwisho ya hifadhidata ichukuliwe na kuingizwa, ndipo kielekezi kigeuzwe. Kufunga huko si urasimu. Nakala ikichukuliwa saa sita na kielekezi kikageuzwa saa kumi, mwanachama aliyejaza fomu ya kuomba pembejeo saa nane jina lake limebaki kwenye seva inayokwenda kufutwa, na msimu wa kupanda haumngoji.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli katika kivinjari, hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwaka 2015, kwa muda usiozidi siku 90. Kwa njia ya kawaida mtoaji hukiangalia kikoa kupitia kielekezi, kwa hiyo seva mpya haiwezi kujiombea cheti kabla kielekezi hakijageuzwa. Cheti cha zamani kihamishwe kitumike kwa muda, la sivyo wanachama watakutana na onyo la kutisha na wengi hawatarudi.

Barua zinazopotea bila kelele

Tovuti ikivunjika kila mtu hupiga simu. Barua pepe ikivunjika hakuna anayejua, kwa kuwa barua isiyofika haisemi. Ndiyo sababu tumeona yafaa kukaa zaidi hapa.

Chama kimoja kilikuwa na tovuti kwenye seva yake, lakini barua pepe zake zilihifadhiwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Tovuti ikahamishwa vizuri, barua kutoka benki na wizarani zikaendelea kufika. Kilichokatika ni zile zilizotoka kwenye fomu ya malalamiko iliyo katika tovuti yenyewe. Paneli mpya, ilipofungua akaunti ya kikoa kile, ilijihesabu kuwa ndiyo yenye kutunza barua zake, ikazichukua barua za fomu na kuziweka katika sanduku la ndani ambalo hakuna aliyejua kuwa lipo. Wanachama waliandika kuhusu makato ya mauzo yao wasijibiwe, wakaenda mkutano mkuu wakisema Bodi imewapuuza. Bodi ilikuwa haijaona hata barua moja. Katika DirectAdmin kuna kisanduku cha kuweka alama, ndani ya sehemu ya rekodi za MX, kinachosema seva hii itunze barua za kikoa hiki; barua zikiwa kwingine, alama hiyo iondolewe. Kazi ya nusu dakika.

Kinyume chake hutokea kwenye seva ya zamani, na hili lahusu hasa Vyama Vikuu. Ikiwa vyama kumi viko katika seva moja na kimoja kikahama, ile seva ya zamani bado yaamini kwamba chama kile ni mkazi wake. Waraka wowote utakaotumwa na Chama Kikuu kutoka seva hiyo utaishia humo humo ndani, katika sanduku la zamani, wala mtumaji hatapata taarifa ya kushindwa. Dawa yake ni kuiambia seva ya zamani, mara tu kielekezi kinapogeuzwa, kwamba barua za chama kile sasa ziko nje.

Kwa siku moja au mbili baada ya kugeuza, barua huweza kufika pande zote mbili. Fundi arudie kunakili masanduku kutoka seva ya zamani, ahesabu tena, na hesabu ilinganishwe na orodha ya mwanzo. Aangalie pia simu za wafanyakazi: simu iliyoandikiwa namba ya seva ya zamani badala ya jina itaendelea kusoma sanduku la zamani kwa utulivu kabisa.

Tena kuna kukubalika kwa barua zinazotoka. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la chama. Namba ya seva mpya iandikwe humo na ya zamani ifutwe. DKIM ni muhuri ambao seva hugonga juu ya kila barua. Seva mpya hutengeneza muhuri wake, na alama ya kuutambua lazima iwekwe katika kielekezi. Namba ya seva nayo iwe na rekodi ya kinyume inayoitaja kwa jina, ambayo huwekwa na kampuni yenye seva. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, na barua isiyoyatimiza hukataliwa au hutupwa kwenye taka. Ankara ya chama ikiangukia huko, mnunuzi atakuwa na haki ya kusema hakuipata.

Makabidhiano

Kazi ikikamilika, ifanyiwe makabidhiano kwa maandishi kama mali nyingine yoyote. Ipatikane hati yenye jina la msajili wa kikoa na tarehe ya kulipia tena, namba ya seva, kampuni inayoihifadhi, paneli iliyopo, na mahali nakala za akiba zinakowekwa, pasipokuwa ndani ya seva ileile. Nywila zote zibadilishwe, hasa zile zilizopita mikononi mwa fundi. Nywila kuu ya seva iwekwe katika bahasha mbili zilizotiwa lakiri, moja kwa Meneja na moja kwa Mwenyekiti, kwa taratibu zilezile za watia saini wa hundi. Tovuti na kikoa viingizwe katika daftari la mali, na ada zake katika makisio ya mwaka.

Seva ya zamani iachwe ikiwaka kwa muda, tuseme mwezi mmoja, ili kilichosahauliwa kiweze kufuatwa. Kisha isiachwe tu. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba zao za simu na za akaunti za benki, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 chama chawajibika kwa taarifa hizo popote zilipo, hata kwenye seva kisichoitumia. Bodi iagize kwa barua akaunti ifutwe pamoja na nakala zake za akiba, na kampuni ijibu kwa barua kwamba imefanya hivyo. Barua hiyo iwekwe katika jalada. Mhasibu naye asitishe siku hiyohiyo agizo la malipo ya kila mwezi kwa kampuni ya zamani, maana tumekuta hati za malipo za seva ambayo hakuna aliyeweza kutuambia ilikuwa na nini ndani yake.